Fundo la Mama Mkwe

Pale mwambani wanamwita Rudia, na jina hilo kalipata kwa haki. Miaka kumi na mmoja anapandisha wageni kwenye lile jabali lenye mabega mawili, na hapandi mtu kabla yeye hajalishika fundo la kamba kiunoni, akalivuta mara mbili; likilegea hata kidogo, hubweka, "Rudia!" Hata hakimu mmoja alirudia, kanuna kweli kweli.

Jumamosi ile alikuja na mama mkwe wake. Mama wa watu alikuwa mgeni wao wiki nzima, kachoka kulitazama jabali kupitia dirisha la jikoni. Mkewe Rudia akamsindikiza mumewe mpaka mlangoni: "Mama yangu ni mmoja tu. Umenisikia?" Alisikia sana.

Chini ya mwamba mama alijifunga mwenyewe kama alivyofundishwa. Katikati ya kufunga, kofia ngumu ikamteremkia machoni. Akaiacha kamba, akaitengeneza kofia. Rudia akanyoosha mkono avute fundo, mkono ukaishia njiani. Kiuno cha mama mkwe! Tena mbele za watu!

"Uko tayari, mama?"

"Tayari, baba."

Basi, akapanda, mwenzake mmoja Rudia akimshikia kamba kutoka chini.

Alikuwa amepita kimo cha ghorofa mbili, na anapanda vizuri ajabu, Rudia alipouona mkia wa kamba unaning'inia kiunoni mrefu kupita kiasi. Fundo lilikuwa nusu. Lo! Mama akiiegemea ile kamba mara moja tu, kwisha.

"Mama," aliita, sauti akiilazimisha iwe ya kawaida, "kumbatia mwamba. Usiiegemee kamba, wala usitazame chini."

"Kuna nini?"

"Nakuja."

Akajifunga kamba ya pili. Mwenzake mwingine wa kazi akalivuta fundo lake mara mbili, akamshikia. Rudia alipanda akijilaani kila hatua. Alipomfikia, mama alikuwa ameukumbatia mwamba kama alivyoambiwa.

"Samahani, mama. Itabidi nikushike kiuno."

"Shika, mwanangu! Aibu tutaionea chini."

Akashika, akafunga, akavuta mara mbili. Akavuta na ya tatu. Kisha wakateremshwa taratibu.

Chini, mama alikaa juu ya jiwe.

"Wageni wote waliopanda kabla yangu uliwavuta fundo," alisema. "Mimi ukaniacha. Nimekukosea nini?"

Rudia aliinamisha kichwa. "Nilikuheshimu, mama."

"Heshima hiyo nusura inizike leo."

Akainuka, akalifungua fundo lote, akalifunga upya tangu mwanzo, polepole. Akasimama mbele ya mkwewe, mikono juu. "Haya, kagua. Kileleni sijafika."

Rudia alilishika fundo, akalivuta. Lililegea kidogo. Watu walikuwa wanatazama.

"Rudia, mama," alisema.

Mama akarudia.