Siku Bi Tatu Alipocheza Gemu ya Matofali

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka natabasamu hadi leo: siku shangazi yangu, Bi Tatu, alipovua ndala mlangoni kwa Shabani akaingia kucheza gemu.

Nilikuwa binti, nimemaliza shule, nauza maandazi karibu na stesheni ya Kilosa. Biashara ya bidhaa za nje ilikuwa imefunguliwa, na vitu tulivyovisikia tu redioni vikaanza kuonekana madukani. Shabani alikuwa amepoteza kazi shamba la mkonge lilipopata mmiliki mpya. Akaenda Dar es Salaam, akarudi na televisheni na kimashine cha gemu chenye vishikio viwili. Akaweka benchi, akatundika pazia mlangoni, akaanza kutoza wachezaji. Gemu yenyewe ilikuwa moja tu: matofali yanashuka kutoka juu, wewe unayageuza na kuyapanga yasiache tundu. Mstari ukijaa, unafutika. Ukizembea yanarundikana mpaka juu, basi, umekwisha.

Mji mzima ulikuwa na la kusema. Mwalimu mmoja alisema inanoa akili. Muuza dawa akasema inapofusha. Wengine walidai mna jini mle ndani. Baba yangu hakuwahi kulisogelea lile pazia, lakini ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, maana alisikia binti yake anakaa benchi moja na kijana wa wafugaji. Ni kweli nilikaa. Aliitwa Lemburis. Alikuwa akileta maziwa mjini, na akishauza anakuja kushindana nami. Hatukuwa na lolote zaidi ya ushindani, na mkono wake ulikuwa mwepesi, nakwambia!

Baba akakusanya wazee wa mtaa, wakakubaliana Shabani afunge. Shabani alikuwa na watoto wanne na hakuwa na shamba. Niliposikia, nilikimbilia kwa Shabani.

Bi Tatu, dada mkubwa wa baba, aliwakuta wazee wakiondoka kwenda kumpa Shabani taarifa. Akamuuliza baba, "Saidi, wewe umeiona hiyo gemu?"

"Dada, mambo mengine si lazima kuyaona."

"Basi nisubirini. Mimi nakwenda kuyaona."

Aliingia, wazee wamesimama nje. Shabani akaruka kutoka kwenye kiti. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nionyeshe."

Nilimshikisha kishikio, vidole vyangu juu ya vyake. Alishindwa vibaya. Akaomba tena, akashindwa tena, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Kisha akatulia, akatazama kila aliyekuwa kwenye benchi, akamuuliza Lemburis habari za nyumbani kwao, akatoka, Shabani akimfuata.

"Nimecheza," aliwaambia wazee. "Sikuona jini. Nimeona vijana wanacheka, na nimeona wanafunzi wawili ambao saa hizi wangekuwa darasani. Shabani, mwanafunzi asiingie mpaka masomo ya siku yaishe. Na hilo pazia liondoe, mzazi akipita amwone mwanawe. Saidi, ukitaka kuhukumu, ingia kwanza ukae."

Baba na wazee waliondoka bila kumfungia Shabani. Lakini jioni aliingia, akakaa mwisho wa benchi, akatutazama mimi na Lemburis tukicheza. Asubuhi yake hakunizuia kwenda.

Mashine ile ilikuja kufa. Shabani alihamia Mikumi kutengeneza redio kandokando ya barabara kuu. Kimashine chenyewe sijui kiliishia wapi, ila pale palipokuwa na benchi watu bado wanapaita Gemu, na watoto wa leo hawajui kwa nini.

Mimi niliolewa Zombo, nikalima. Mwaka mmoja ng'ombe waliingia kwenye mahindi yetu, wakala karibu nusu ya shamba. Vijana wetu wakashika mapanga, wa upande wa pili wakaja na fimbo. Mbele yao alitembea mtu mzima mrefu, nikamtazama sana.

"Lemburis?"

Akasimama. "Mama Maandazi! Bado unapanga matofali?"

Nilicheka pale pale, kwenye mahindi yaliyokanyagwa. Mapanga yakashuka. Tukakaa chini, tukazungumza mpaka jua likaanza kuchwa. Alinipa mtamba kufidia mahindi, tukakubaliana njia ya ng'ombe ipite kando ya mashamba. Mpaka leo wanapita huko.

Kwa hiyo, mwanangu, usikihukumu kitu kwa habari za kuambiwa. Kila kipya kitakuja na wanaokisifu na wanaokilaani. Ingia, kaa, tazama kwa macho yako, halafu useme, na ukisema useme lote, zuri na baya. Na unapocheza, mjue aliyekaa kando yako. Muulize kwao wapi, muulize kama wazazi wake ni wazima. Pointi zangu nimezisahau zote, lakini yule niliyecheza naye ndiye aliyezuia damu isimwagike shambani kwangu.

Mwenyezi Mungu akujalie macho ya subira na ulimi wa haki. Akuzungushie watu wema, na siku utakayokutana na mwenye fimbo, awe mtu anayelijua jina lako. Amina.