Mashine Ilijua Upepo Unakuja

Kampuni ya madini iliyo karibu na nyumba yetu mtaani Kapata ilipofunga mashine mpya ya kupima upepo, mhandisi wao alikuja parokiani kutueleza. Mashine hiyo hurusha miale ya mwanga angani, alisema, na hutabiri upepo mkali saa kadhaa kabla haujavuma. Nilifurahi kwa ajili ya mama yangu, kwani ana pumu, na vumbi la mabaki ya madini humtesa kila kiangazi.

Siku moja ya Agosti mama alikuwa ameketi uani akimenya mihogo. Upepo ukaja ghafla, vumbi likatufunika. Nilimwingiza ndani akikohoa, nikaziba dirisha kwa kitenge kilicholowa, nikakaa naye mpaka pumzi ikatulia. Kisha nikaenda moja kwa moja kwenye lango la kampuni. Karani aliyenipokea alikuwa na barakoa shingoni.

“Mashini yenu iliharibika?” nikamuuliza.

“Hapana, mama. Ilijua tangu asubui. Siye bote tulivaa masque.”

“Na siye ba Kapata? Juu ya nini hamukutuambia?”

“Message ya upepo inaendaka kwa bafanyakazi tu.”

Niliomba namba yangu ya simu iongezwe kwenye orodha yao. Akasema ruhusa hutoka ofisi kuu ya Lubumbashi.

Mpaka leo ruhusa haijatoka, kwa hiyo kila asubuhi ya kiangazi nampigia karani yule kumuuliza kama mashine imeona upepo. Asiposhika simu, namfungia mama ndani siku nzima, hata kama nje kumetulia.