Madereva wa Juu na Madereva wa Chini

Eliud alizaliwa Ihembe, kwenye kibanja cha migomba na kahawa, mtoto wa nne wa mzee wa kanisa la Kilutheri. Ndugu zake walishika jembe, yeye akashika usukani. Kwa miaka kumi na minne aliendesha Kosta, basi dogo la kampuni iliyoitwa Nkwenda Laini, kati ya stendi ya Omurushaka na Rubwera, mara mbili kwa siku, vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kugonga hata mbuzi. Wazee waliokuwa na shida katika ofisi za wilaya walikuwa radhi kusubiri saa nzima stendi ili wapande gari lake.

Kisha mwenye Nkwenda Laini akafariki, na watoto wake wakaiuza. Aliyeinunua ni Mama Adventina, mjane mwenye mabasi makubwa ya kutoka Rubwera kwenda Mwanza. Hakumfukuza mtu. Aliwaita madereva wote uani kwake, akawapikia pilau, akasema kuanzia leo sisi ni nyumba moja. Jina la Nkwenda Laini likabaki ubavuni mwa Kosta, ila chini yake pakaandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni mali ya Mama Adventina. Kwa madereva wa Kosta jambo moja ndilo lililokuwa kubwa: dereva akikaa muda wa kutosha kwenye Kosta, atapandishwa kwenye basi kubwa. Huko kulikuwa na mshahara wa mwezi, bima, na shati jeupe lenye nembo. Eliud alirudi nyumbani siku ile akamwambia mke wake, Kokushubira, kwamba kwa miaka aliyonayo yeye hatakosa kuwa miongoni mwa watano wa kwanza.

Baada ya wiki mbili orodha ya madereva wote, kwa ukongwe kazini, ikabandikwa ukutani ofisini. Ilikuwa na majina thelathini na moja. Eliud alianza kusoma kutoka juu, akashuka, akashuka, akajikuta wa ishirini na tatu. Madereva wote wa mabasi makubwa walikuwa wametangulia, hata aliyeajiriwa mwaka uliopita. Miaka ya watu wa Kosta ilihesabiwa tangu siku walipouzwa. Ile kumi na minne haikuwemo popote.

Wakati huo alikuwa amesimama nyuma yake Twizeyimana, dereva wa basi kubwa, mwenyeji wa Rubwera, kijana wa miaka thelathini na mbili mwenye utani mwingi. Yeye alikuwa wa tisa.

"Ndugu yangu," Eliud akamwambia, "mimi nimeanza kuendesha njia hii wewe ukiwa bado sekondari. Nakuuliza tu, hii ni haki?"

"Kaka Eliud," Twizeyimana akajibu, "sisi tuliomba kazi, tukapewa. Ninyi mlinunuliwa pamoja na viti."

Alisema kwa utani. Lakini ofisi nzima ilicheka, na neno lile halikuishia ofisini. Kufikia jioni watu wa Kosta walikuwa wakiitwa Viti. Tangu hapo pakawa na madereva wa juu na madereva wa chini, na katika mgahawa wa stendi kila upande ukawa na meza yake. Ukikuta meza ya wenzako imejaa, ulikula umesimama.

Mwaka uliofuata madereva wa juu waligoma. Walitaka wawekewe dereva wa pili katika safari ya Mwanza, maana mtu mmoja alikuwa akishika usukani kutwa nzima. Mama Adventina alimwita Eliud, kwa kuwa ndiye aliyekuwa msemaji wa watu wa Kosta.

"Baba Jenifa," akamwambia, kwani Jenifa ndiye binti wa kwanza wa Eliud, "nisaidieni. Yaendesheni haya mabasi kwa siku chache tu. Wakirudi, nitaipanga upya orodha kwa miaka yenu ya kweli."

Eliud alijua kwamba madai ya wenzao yalikuwa ya haki. Hata mtoto angejua. Lakini alikumbuka kile kicheko cha ofisini, akawaambia wenzake, "Twendeni." Waliendesha siku tisa. Siku ya kumi mgomo ukavunjika, watatu kati ya madereva wa juu wakafukuzwa, na watu wa Kosta wakarudishwa kwenye Kosta zao. Orodha haikuguswa. Eliud alipokwenda kuuliza, Mama Adventina alimwambia avute subira kidogo, moto bado haujapoa.

Mpaka wakati huo, pamoja na chuki zote, kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekuwa amekigusa. Madereva wanaopishana huonyana. Mmoja akiwa ametoka kwenye hatari, humwashia mwenzake taa mara mbili na kutoa mkono dirishani, kiganja kikitazama chini: punguza, mbele kuna jambo. Baada ya mgomo, madereva wa juu waliacha kuwaashia wa chini. Wa chini nao wakaacha. Hakuna kikao kilichopitisha jambo hilo. Lilianza tu, siku moja, na kila mtu akajua.

Novemba ile Kosta ya Eliud ilizama kwenye tope, abiria wakiwa kumi na wanane, mmoja wao mama mwenye mtoto aliyekuwa akichemka homa. Basi la Twizeyimana lilikuwa na mnyororo wa kuvutia magari. Lilikuja, likapunguza mwendo, na Twizeyimana akachungulia kutoka juu, akapunga mkono kama mtu anayesalimia majirani, akapita. Walikaa pale kutoka saa sita mchana hadi jua lilipokaribia kuzama. Mtoto alipona. Eliud alikaa na ule mkono moyoni.

Ilikuwa asubuhi ya Aprili, mvua imekatika alfajiri, ukungu umelala mabondeni. Eliud alitoka Omurushaka saa kumi na mbili. Mbele, kando yake, alikaa mama mtu mzima aitwaye Dafroza, mnunuzi wa maharage, aliyekuwa akisafiri naye karibu kila wiki. Walipokuwa wakipanda mlima wenye mikaratusi, kwenye kona kali, ghafla likatokea Fuso, lori la ndizi, limekaa mshazari, ekseli imekatika, limeziba karibu barabara yote. Hakukuwa na pembetatu wala matawi ya kuonya watu. Dereva wa Fuso na mwenzake walikuwa chini ya gari. Eliud, kwa kuwa alikuwa akipanda taratibu, alilikwepa kwa shida. Aliteremsha kioo, akapaza sauti, "Wekeni majani barabarani, mtaua watu." Mmoja akaitikia kutoka chini.

Baada ya kilomita moja na nusu hivi, basi kubwa likachomoza kwenye ukungu, likiteremka. Eliud alilitambua. Alimwona Twizeyimana vizuri, amegeuza uso kidogo, anacheka na mtu aliyekaa karibu naye. Kidole cha Eliud kilikuwa tayari kwenye swichi ya taa. Kwa miaka yote kilikuwa kikifanya hivyo chenyewe, bila kuagizwa. Akakiondoa. Alijiambia kwamba wale wa Fuso watakuwa wameshaweka majani. Magari yakapishana.

Dafroza akamgeukia. "Mwanangu, yule umemwambia?"

"Ameona," Eliud akasema.

Alikuwa akishusha mizigo Rubwera simu zilipoanza. Basi lilikuwa limefika kwenye kona kwa kasi, dereva akavuta usukani kulikwepa Fuso, tope likamshinda, basi likaingia bondeni. Wamekufa watu wanne, Twizeyimana ni mmoja wao. Dafroza alikuwa bado anahesabu magunia yake. Aliposikia, alimtazama Eliud, akafunga kitenge chake vizuri, akaondoka. Hakupanda tena gari lake.

Polisi walimkamata dereva wa Fuso. Hakuna aliyemuuliza Eliud neno. Kwenye mazishi, madereva wa juu walibeba jeneza wakiwa na mashati yao meupe. Watu wa Kosta walisimama mbali, karibu na migomba, na mmoja wao akanong'ona kwamba malipo ni hapa hapa duniani. Eliud aliondoka kabla ya jeneza kushushwa.

Nyumbani alilificha jambo lile. Alikula kidogo, akalala akitazama ukuta. Kokushubira alidhani ni hofu ya barabara. Siku ya kumi na mbili Eliud akapigiwa simu kutoka ofisini. Mama Adventina alikuwa na sauti ya upole.

"Baba Jenifa, kuna nafasi imepatikana kwenye mabasi. Madereva wa juu wamekataa kuwapisha wenzako, lakini kwako hawana la kusema, maana wote wanajua hujawahi kupata ajali. Njoo Jumatatu uchukue shati."

Eliud alikata simu. Akakaa kwenye kigoda nje ya jiko, na alipotoka Kokushubira na kumuuliza kuna nini, akamweleza yote, tangu Fuso mpaka kidole. Kokushubira alisikiliza akiwa amesimama. Mwisho akauliza, "Na huyo mama aliyekaa mbele alikuuliza, ukamdanganya?"

"Ndiyo."

Kokushubira aliingia ndani, na siku mbili zilipita bila wao kusemezana.

Jumatatu Eliud hakwenda kuchukua shati. Alikwenda kituo cha polisi. Askari wa usalama barabarani alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, kisha akaiweka mezani.

"Mzee, mimi niandike kosa gani hapa? Hukumgonga. Hukuegesha lile gari. Nenda nyumbani ukapumzike."

Kutoka pale akapanda bodaboda mpaka kwa Mukabera, mjane wa Twizeyimana. Alimkuta anaanua maharage, mtoto mgongoni. Mukabera alimtambua, akamkaribisha, akamtolea kiti, akamsalimia, "Shikamoo, shemeji." Eliud hakukikalia kile kiti. Alisimama na kusema aliyokuja kusema. Hakuligusa lile neno la viti, wala tope la Novemba.

Mukabera alikaa chini taratibu juu ya mkeka, katikati ya maharage.

"Ulimwona?" akauliza.

"Nilimwona."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anacheka na mtu."

"Muda wa kuwasha ile taa ulikuwepo?"

"Ulikuwa mfupi," Eliud akasema. "Lakini ulitosha."

 Mtoto alianza kulia, Mukabera akamzungusha mbele, akamnyonyesha. Eliud alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa. Aliona kwamba afadhali apigwe.

"Umekuja nikusamehe," Mukabera akasema hatimaye. "Umetembea na huo mzigo, umechoka, ukaona uulete kwangu. Mimi wa kwangu nimpelekee nani? Nenda, shemeji. Usirudi hapa kuniomba kitu ambacho sina."

Habari haikukaa. Kufikia mwisho wa wiki ilikuwa Omurushaka yote. Madereva wa juu walisema sasa imedhihirika, Viti ni wauaji, na wakaapa kutofanya kazi na hata mmoja wao. Watu wa Kosta walimjia Eliud Ihembe, si kumpa pole, bali kumlaumu. "Nani alikuuliza?" wakamwambia. "Wao walitupita kwenye tope wakitupungia mikono. Je, kuna aliyekwenda polisi kujishtaki?" Alipowaambia kwamba ule mgomo wa wenzao ulikuwa wa haki, na kwamba wao ndio waliouvunja, walimwona amerukwa na akili, wakaondoka.

Stendi ikawa na ngumi kila siku. Siku moja vioo vya Kosta mbili vikavunjwa, kesho yake matairi ya basi yakachanwa. Abiria wakahamia magari ya watu wengine. Kabla mwaka haujaisha Mama Adventina aliuza kila kitu kwa tajiri wa Kahama, aliyekuja na madereva wake mwenyewe. Wa juu na wa chini wakakosa kazi siku moja. Baadhi wanaendesha bodaboda, wengine wanalima vibarua kwenye mashamba ya kahawa. Wangeweza kukutana sasa, kwa kuwa hakuna orodha tena, lakini hawakutani. Mmoja wao alipofiwa na mama yake mwaka huu, walikaa pande mbili za ua kama zamani.

Eliud analima. Hapandi gari. Mchungaji alikuja mara tatu, akasoma, akaomba, akamwambia Mungu ameshamsamehe. Eliud aliitikia kwa heshima, lakini kwenye meza ya Bwana haendi. Jenifa akija likizo huzungumza na baba yake habari za mvua na bei ya kahawa. Kokushubira amerudi kusema naye, kwa sababu watu wawili hawawezi kupalilia kibanja kimoja kimya kimya milele. Siku moja alimuuliza, "Utakaa hivi mpaka lini?" Akamwambia hajui.

Wakati wa mavuno alijaza gunia la maharage, akampa mwendesha bodaboda aitwaye Niyonsenga alipeleke kwa Mukabera. Liliporudi, uzi wa mdomoni ulikuwa haujaguswa. Msimu uliofuata alituma mkungu mkubwa wa ndizi za kupika. Ukarudi nao. Mara ya tatu Eliud alipotoa gunia jingine la maharage, Niyonsenga hakukubali kuzima pikipiki.

"Baba Jenifa, nisamehe. Yule mama hanitukani, ananiambia tu rudi navyo. Mimi nimechoka kubeba vitu ambavyo havitakiwi."

Eliud akamwambia haina neno. Alilikokota gunia mpaka barazani, akaliegemeza ukutani. Wiki kadhaa baadaye Kokushubira alilifungua akakuta maharage yameingiwa na wadudu, akayamwaga kwenye migomba.