Sauti Yangu Ilipojibu Kutoka Chumbani

Aibu hii nimeificha vya kutosha, acheni niitoe mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mke wangu, Mama Bhoke, maana yeye huitia chumvi.

Vidole vya mguu vilikuwa vimevimba, daktari akanikataza nyama (mimi, Mkurya mzima wa Nkende, nile mchicha kama sungura!), na mke wangu akaapa: "Nikikukamata na nyama tena, naenda zangu Musoma kwa Bhoke, ujipikie." Basi nikaikumbuka kompyuta aliyotuachia huyo binti yetu, nikaipanga ijiwashe saa kumi na kujizima saa kumi na moja, na ikiwaka tu itoe sauti yangu niliyoirekodi, "Mama Bhoke, usiingie, nipo kwenye maombi," halafu kikohozi (nilikohoa kwa ustadi kweli), ili jioni nikiwa Nyamisangura kwa rafiki yangu Chacha, mbele ya mbuzi choma na kichuri, ile supu chungu ya utumbo wa mbuzi, mke wangu ajue nipo chumbani. Nikaandika 10:00, nikalala kwa amani.

Kesho yake saa nne asubuhi kina mama wa kanisani walikuja kuuombea mguu wangu, wamefunga tangu juzi, nami nimeketi katikati yao kama bwana harusi, macho nimefumba, mara chumbani: "Mama Bhoke, usiingie, nipo kwenye maombi." Kikohozi.

Maombi yakakatika. Mama mmoja akanishika bega kuhakikisha. "Baba Bhoke, kwani mko wangapi?"

"Ni redio," nikasema.

"Redio ina kikohozi chako?" mke wangu akauliza.

Nikachechemea kwenda kuizima, nenosiri limenitoka, nabonyeza hiki, nabonyeza kile, sauti ndiyo inazidi kupanda, na kumbe nilisahau kusimamisha kurekodi kabla sijapiga simu: "Chacha mura, kesho saa kumi, kichuri kisipoe, huyu mama nimeshamweza!"

Mama Bhoke akachomoa waya, kisha akatoa begi chini ya kitanda.

Nilipiga magoti mbele ya kina mama wote, nikakiri kila kitu, hata mbuzi wa mwezi uliopita ambaye hakuna aliyekuwa na habari zake. Mke wangu alibaki, lakini kwa sharti.

Sasa kompyuta ipo sebuleni, ameipanga mwenyewe, 16:00 kamili, na kila siku ikitamka "nipo kwenye maombi" lazima inikute nimeshapiga magoti mbele yake. Sitarudia, jamani: ukidanganya kwamba unasali, utasalishwa.

Mguu umepona. Sasa yanauma magoti.