Mshipa Nyuma ya Sikio

Siku ya upasuaji tulikuwapo sita: mdogo wangu anayenifuata, ambaye ndiye aliyekuwa mgonjwa, baba yetu mdogo, shangazi yetu aliye dada wa marehemu baba, daktari Mzungu wa misheni, dresa wake wa kufunga vidonda aliyetufasiria kwa Kinyaturu, na mimi, mkubwa wa nyumba isiyo na wazazi, niliyeacha shule darasa la pili ili wadogo wapate kula.

Mwaka uliotangulia mdogo wangu alianguka kutoka juu ya paa la tembe akianua mtama. Jeraha lilipona, lakini nyuma ya sikio pakaota uvimbe laini uliokuwa ukidunda. Alisema kichwani mwake kuna mtu anapepeta nafaka bila kupumzika. Nilipotega sikio pale, nami nilisikia. Baadaye jicho la upande ule likaanza kufifia.

Kwetu kichwa kikiuma sana, mtu huumikwa, hutolewa damu kwa pembe. Shangazi alisema ni damu mbovu. Akauchanja uvimbe kwa wembe na kubandika pembe. Damu iliruka mpaka ukutani. Niliibana kwa majivu na kitambaa, kisha kwa kiganja, mpaka ikakoma. Majirani walikuwa wamejaa uani, na mbele yao nilimwita shangazi mchawi. Yeye alikuwa anasafisha pembe.

Tulimbeba mgonjwa kwa kitanda cha kamba hadi hospitali. Daktari alisikiliza uvimbe kwa mipira yake ya masikioni, akaeleza. Mshipa unaoleta damu kwa nguvu uliumia siku ile ya kuanguka, ukaungana na mshipa laini unaoirudisha. Usipofungwa utapasuka tena, na safari hiyo kiganja hakitatosha. Angeifunga kwa uzi mishipa yote inayoulisha uvimbe, lakini hashiki kisu bila chupa ya damu ya ndugu.

Dresa alitutoboa vidole. Damu yangu haikupatana na ya mgonjwa. Ya baba mdogo ilipatana, naye akainuka kwenye benchi, akakataa.

"Damu ya mtu si pombe, useme uimimine kutoka kibuyu hiki kwenda kile."

"Basi itunze, kaka," shangazi akamwambia. "Kunguni wako wasije wakalala njaa."

Dresa alicheka, kisha akajikaza. Damu ya shangazi nayo ilipatana. Alinyoosha mkono.

"Nilimtoa damu mimi. Chukueni."

Waliingia asubuhi, wakatoka jua limeshapinda. Mdogo wangu alikuwa amenyolewa kichwa chote na kufungwa bendeji. Siku ya tatu nilimuuliza kama yule mtu bado anapepeta.

"Amekwenda zake," alisema. "Hata hakuaga."

Jicho lilirudi polepole. Baadaye aliolewa.

Kwetu aliyemtukana mkubwa hutoa kondoo, na huyarudisha maneno yake mbele ya watu walewale walioyasikia. Shangazi hakudai. Kila mavuno alikuja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukapura mtama pamoja. Kondoo hakukosekana zizini. Kilichonishinda ni kuwaita majirani. Shangazi alifariki mdogo wangu akiwa na watoto wawili.

Wana wa shangazi wanajua ninachodaiwa. Kati ya majirani waliokuwapo uani, wanne bado wako hai. Kondoo sijampeleka, na maneno sijayarudisha.