Ngitili na Lengo la Kumi na Tano

Mkutubi wa chuo chetu alipotutaka tuunganishe kila makala ya utafiti na malengo ya dunia ya maendeleo endelevu, niliona ananipotezea muda tu. Makala yangu ilihusu ngitili. Sisi Wasukuma, mvua zikianza, tunatenga kipande cha malisho, haingii mfugo hata mmoja, mpaka kiangazi kikikaza ndipo tunawafungulia ndama na maksai. Nilikuwa nimeandika juu ya ngitili yetu wenyewe, kule Zagayu. Nikabofya lengo la kumi na tano, la uhai wa nchi kavu, nikaenda zangu kunywa chai.

Baba alipofariki, kaka yangu akataka ngitili ilimwe pamba. Ukoo ukaitana. Nikaenda na makala yangu mkobani, kifua mbele.

Mama alikuwa jikoni na wanawake wenzake. Kuni zake, uyoga wake, mlenda wake, vyote vilitoka mle ngitilini. Mimi nikaketi na wanaume, nikawasomea kwamba malisho yale yanaifaa dunia nzima.

"Dada," kaka akasema huku akicheka, "kama yanaifaa dunia, mbona dunia haijawahi kuja kutukatia miiba ya uzio?"

Wazee wakaangua kicheko. Jamani, niliwaka!

"Miiba hiyo aliikata mama. Muulizeni yeye!"

"Mwanangu," baba mdogo akasema kwa upole, "wewe umeshaolewa, kwako ni kwingine. Na mama yako hana neno."

"Nani kamuuliza?"

Wanaume wakaendelea kupanga siku ya kuanza kulima. Mama akaniita kutoka jikoni: "Njoo utusaidie kusonga ugali, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo iliniuma kuliko kicheko cha kaka.

Niliporudi chuoni nilikwenda moja kwa moja kwa mkutubi, nikamwomba aongeze lengo la tano.

"Usawa wa kijinsia?" Akainua miwani. "Mwalimu, hii si makala ya nyasi?"

"Nyasi zinalimwa wiki hii," nikamwambia. "Mama yangu ataanza kufuata kuni ng'ambo ya mto, kwa miguu yake ile inayovimba. Wewe andika tano."