Mama Aliyezunguka Nyuma ya Shuka

Watu wakiniuliza kwa nini nimemaliza ujana wangu kupiga filamu za watu ambao hakuna anayeuliza habari zao, huwa nawajibu kwa ukali. Swali lenyewe linanirudisha Ifakara, miaka ya hamsini, nilipokuwa fundi wa gari la sinema la serikali.

Kiangazi kimoja tulipiga picha za wavuvi Wandamba mtoni Kilombero. Kijana mmoja alisimama nyuma ya mtumbwi akiusukuma kwa upondo mrefu, mkono wa kushoto juu, kisha akageuka akaichekea mashine yetu, meno yote nje. Jamani, alikuwa na raha yule! Mama yake, mjane, alikuwa ukingoni anaanika samaki. Akamfokea, "We mashoto, angalia maji!"

Masika ilipofika, kiboko akaupindua mtumbwi ule. Maiti haikuonekana. Wazee wakataka matanga yaanuliwe, mama akagoma katakata. "Nitaanuaje matanga ya mtoto ambaye sijamuaga uso?" Jirani yake akamkumbusha kwamba ile mashine yetu ya picha ilimchukua uso.

Tuliporudi na filamu, nilimkuta ameketi mbele kabisa, miguu imejaa vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumwona, nikamalize msiba."

Filamu ilikuwa imekatwa na kuungwa upya mjini, sikuwa nimeiona, na wakubwa wa kule walikuwa na sheria yao: anayeitazama mashine anaharibu picha, aondolewe.

Giza lilipoingia tukatundika shuka kati ya miti miwili. Ukatokea mto, ukatokea mtumbwi, akatokea yeye, mgongo.

"Ndiye!" mama akapiga kelele. "Oneni mkono wake!"

Akangoja ageuke. Wapi! Walikuwa wamekata palepale shingo ilipoanza kugeuka, wakabandika picha ya samaki. Washenzi wakubwa wale, mpaka leo nawalaani. Watu wakaomba irudiwe, nami nikarudia, sikujua la kufanya zaidi.

Safari hii mama aliinuka, akapita kwenye mwanga, akazunguka nyuma ya shuka. Kwa hesabu yake, kama mgongo uko huku, basi uso uko kule. Hakucheka mtu, hata watoto. Nikamwachia dereva wa gari letu mashine ya kuonyeshea, nikamfuata mama mbio.

Ukiitazama picha kutoka nyuma ya shuka, kushoto huwa kulia. Nilimkuta amesimama, upindo wa kanga mdomoni, anautazama mgongo uleule, na sasa mkono ulio juu kwenye upondo ni wa kulia.

"Huyu si wangu," akasema taratibu. "Wangu ni yule wa kule mbele. Huyu mmemtoa wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za mwanga na shuka. Akanisikiliza kwa heshima mpaka nikaishiwa maneno, akajifunga kanga yake vizuri, akashika njia ya kwao. Matanga ya kijana yule hayakuanuliwa mpaka mama mwenyewe alipokufa.